Kahaya II: Mfalme wa Ankole mbele ya kamera

Msafiri anayetoka Masaka kwenda Mbarara hupita Biharwe, kisha Kakiika, kabla hajafika katikati ya jiji. Ni njia ya malori ya mafuta yanayokwenda Rwanda na Congo. Magari ya matoke na ya maziwa hupishana nayo, na abiria wa Mirama Hills, Katuna au makazi ya wakimbizi ya Nakivale hushuka mjini kubadilisha gari. Wengi wamepita Kakiika mara mia bila kujua kwamba hapo kuna kilima kiitwacho Nkokonjeru, maana yake kuku weupe, na kwamba juu ya kilima hicho amezikwa Edward Solomon Kahaya, mfalme aliyetawala Ankole kwa muda wa miaka karibu hamsini na kufariki mwaka 1944.

Wanyankole humwita mfalme wao Omugabe. Kahaya alikuwa Omugabe wa kwanza kutia saini mkataba na Mwingereza, wa kwanza kubatizwa, na katika wa kwanza kukaa kitini akatulia mbele ya kamera. Mambo hayo matatu yalikuja karibu kwa pamoja, yakaingia nyumbani kwake kwa mlango mmoja.

Alizaliwa katika ukoo wa Wahinda, ukoo wa wafalme, wakati nchi ikiitwa Nkore na ikiwa ndogo kuliko Ankole iliyokuja baadaye. Alikuwa bado mtoto sotoka ilipopita mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuua ng'ombe karibu wote. Baada ya sotoka ikaja ndui. Kwa watu waliohesabu utajiri, mahari, urafiki na hata salamu kwa ng'ombe, lilikuwa pigo la kuvunja nyumba. Mfanyabiashara wa leo anaweza kulifananisha na kuamka asubuhi akakuta fedha zake zote zimekuwa karatasi tupu.

Mfalme Ntare V alifariki mwaka 1895, mrithi wake hajulikani wazi. Wahinda wakagawanyika, pande zikapigana. Kahaya alikuwa kijana tu, na wapinzani wake walitilia shaka hata nasaba yake. Aliyemsimamisha ni Igumira, mkuu wa ukoo aliyekuwa na nguvu na ukali. Mwaka 1898 serikali ya Kiingereza ikafungua kituo Mbarara chini ya afisa aitwaye Macallister, na tangu siku hiyo haikutosha tena kukubaliwa na ukoo. Igumira mwenyewe akaonekana kuwa hatari kwa utawala mpya, akapelekwa uhamishoni Buganda. Kijana akabaki na kiti cha enzi, na mtu aliyemkalisha hapo hayupo.

Pengo hilo lilijazwa na Mbaguta. Huyu hakuwa Mhinda. Alitoka ukoo wa Washambo, alikuwa mwepesi wa kusoma nyakati, na alielewana na Waingereza tangu mwanzo. Alikuwa na cheo cha Enganzi. Zamani neno hilo lilikuwa na maana ya kipenzi wa mfalme, lakini Mwingereza alilichukua kuwa ni waziri mkuu. Kipenzi huondolewa na mfalme anapomchoka. Waziri mkuu mwenye cheo kinachotambuliwa na serikali haondoki kirahisi. Kwa takriban miaka arobaini Kahaya aliishi na Enganzi asiyeweza kumwondoa.

Mwaka 1901 mkataba wa Ankole ulitiwa saini. Nchi za jirani kama Igara na Buhweju, zilizokuwa na watawala wake, zikaunganishwa chini ya Kahaya. Musinga, mtawala wa Igara, alijiua kuliko kukubali hali hiyo. Mwaka uliofuata Kahaya na Mbaguta walibatizwa katika kanisa la Kiprotestanti, mmoja akaitwa Edward Solomon na mwingine Nuwa. Hirizi na vifaa vya uganga vya ikulu vilichomwa moto hadharani.

Kamera ililetwa na wageni haohao: maafisa, wamisionari na wasafiri waandishi. Mashine ya miaka ile haikuwa kitu cha mfukoni. Ilikuwa sanduku la mbao lililosimama kwa miguu mitatu, na picha ilishikwa kwenye kioo. Vioo hivyo vilisafiri kutoka Mombasa kwa reli iliyofika ukingo wa Ziwa Victoria mwaka 1901, vikavuka ziwa kwa meli, kisha vikapanda kichwani mwa wapagazi hadi Mbarara. Mpagazi mmoja kujikwaa, kazi ya mwezi mzima inavunjika. Aliyepigwa picha alitakiwa kutulia kama jiwe, la sivyo uso ungetoka kama moshi. Ndiyo maana watu wa picha za zamani hawacheki, na anayetazama leo hudhani walikuwa na hasira.

Kahaya alikuwa mtu wa kuonekana. Alikuwa mrefu sana, na kadiri miaka ilivyopita akawa mnene kupindukia, jambo ambalo hakuna mgeni aliyemwona akaacha kuliandika. Kwa Wahima unene huo haukuwa aibu. Ulikuwa ushahidi wa maziwa. Mwanamwari alinyweshwa maziwa kwa miezi kabla ya kuolewa mpaka akatembea kwa shida, na mfalme mwembamba angewatia watu mashaka juu ya hali ya nchi. Wageni walioweka picha hizo vitabuni huko Ulaya waliuchukua unene huo kama kichekesho. Picha ni ileile, na kila mmoja aliisoma kwa lugha ya kwao.

Tazama pia mavazi. Katika picha za miaka ile wakuu wa Ankole wamevaa kanzu nyeupe, wengine wakiongeza joho au koti juu yake. Kanzu ilitoka pwani. Ilifika kwa misafara ya Waarabu na Waswahili kupitia Tabora na Karagwe, pamoja na amerikani, shanga na waya wa shaba, ikirudi na pembe za ndovu. Ntare hakuwapenda wafanyabiashara hao na aliwabana wasizagae nchini mwake. Wakati wa Kahaya mambo yalibadilika. Mbarara ikawa na maduka ya Wahindi, na Waswahili na Wanubi wakakaa mjini na familia zao. Vazi la ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa kwa siagi, ambalo mababu wa Kahaya walizaliwa nalo na kuzikwa nalo, lilianza kuonekana la kishamba mbele ya lenzi. Mfalme alivaa kitambaa cha dukani siku ya picha, na baada ya muda siku zote zikawa kama siku ya picha.

Lakini nyumbani hasa kulikuwaje? Hapo ndipo kamera ilikwama mlangoni. Makao ya mfalme yalikuwa boma kubwa la uzio, ndani yake nyumba za nyasi na uwanja wa ng'ombe. Ndani ya nyumba, mahali pa heshima palikuwa jukwaa la udongo liitwalo orugyegye, ambapo vyombo vya maziwa vilipangwa. Vyombo hivyo, ebyanzi, vilichongwa kwa mti na mafundi wa Kiiru na kufukizwa moshi wa nyasi maalumu ili maziwa yanukie. Vifuniko vyake vyenye ncha, vilivyosukwa kwa nyuzi laini, vilikuwa kazi ya wanawake. Mwanamke alitambulika kwa jinsi jukwaa lake lilivyong'aa. Kukamua kulikuwa kazi ya wanaume. Mwanamke wa Kihima hakukamua, bali aliyapokea maziwa, akayatunza, akasukasuka kibuyu mpaka siagi ikatoka. Na maziwa yalikuwa na miiko: aliyekula maharage au mboga fulani hakunywa maziwa siku hiyo, isije ikawadhuru ng'ombe.

Kwa hiyo chakula cha mfalme kilikuwa maziwa, nyama, na pombe ya ndizi iliyoletwa na wakulima Wairu. Ndizi zenyewe, ambazo leo zinajaza malori ya Mbarara mpaka Juba, hazikuwa chakula cha mtu aliyejihesabu mfugaji. Anayetaka kuona jinsi nyumba ya Ankole ilivyobadilika ndani ya karne moja asiangalie kitu kingine ila sahani.

Wanawake wa ikulu wanaonekana kwa nadra katika picha hizo, na wanapoonekana mara nyingi wamejifunika ngozi au shuka mpaka yabaki macho. Hiyo ilikuwa adabu. Mwanamke wa heshima hakutazamwa na mgeni. Lakini ukosefu wao umepotosha historia. Zamani mama wa Omugabe na dada wa Omugabe walikuwa na maboma yao, ng'ombe wao na watumishi wao, na neno lao lilikuwa zito ikulu. Mkataba wa 1901 haukuwatengea nafasi. Ulihesabu mfalme, machifu, ardhi, kodi na bunduki. Kamera ikafuata mkataba: ilimpanga mfalme katikati, Enganzi kando yake, machifu nyuma, afisa Mzungu pembeni au katikati kabisa. Mtu asiyejua angeapa kwamba Ankole ilikuwa nchi ya wanaume watupu.

Mei 1905 ulitokea mkasa uliomtia Kahaya katika kipindi kibaya kuliko vyote. Afisa mkuu wa jimbo la magharibi, Harry Galt, alichomwa mkuki jioni akiwa barazani mwa nyumba ya wageni huko Ibanda. Aliyetajwa kuwa muuaji, Rutaraka, alikutwa amekufa, na aliyemtuma hajajulikana mpaka leo. Machifu wawili walihukumiwa, lakini rufaa yao ikakubaliwa. Serikali haikungoja ukweli. Nchi nzima ilitozwa faini na mkataba ukasimamishwa, usirudishwe mpaka 1912. Wahinda wengi walipoteza vyeo, na baadhi ya saza zikapewa machifu kutoka Buganda. Lundo la mawe lililojengwa Ibanda kwa kumbukumbu ya Galt bado lipo.

Kwa miaka saba hiyo Kahaya alikuwa mfalme aliyepigwa picha kama mfalme na kuamrishwa kama karani. Ndugu zake wa ukoo walimwona dhaifu. Wengine walihama na ng'ombe zao. Ni rahisi kumlaumu. Lakini alikuwa amemwona Igumira akichukuliwa, alikuwa amesikia habari za Musinga, na alijua kwamba Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda walitekwa mwaka 1899 wakapelekwa mbali baharini, Shelisheli, ambako Mwanga alifia. Kubaki Kamukuzi, kwenye kilima cha ikulu yake Mbarara, huku akinywa maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, kulikuwa ushindi wa namna yake, hata kama haukuonekana pichani.

Na kulikuwa na nyumba moja pale Kamukuzi ambayo hakuiacha ibomolewe: nyumba ya Bagyendanwa, ngoma ya kifalme. Bagyendanwa haikuwa chombo cha kuchezea watu. Ilikuwa na ng'ombe wake, ilitolewa maziwa na siagi, ilikuwa na ngoma nyingine iliyohesabiwa kuwa mke wake, na mtu mwenye dhiki angeweza kwenda kuomba msaada kutoka katika mifugo yake. Omugabe alikuja na kuondoka, ngoma ikabaki. Mkristo Edward Solomon aliendelea kuitunza. Wamisionari hawakufurahi, na yeye hakubishana nao. Aliiacha tu ikae pale ilipo.

Mwaka 1919 na 1920 alifika Mchungaji John Roscoe, mmisionari wa zamani wa Buganda aliyegeuka mtafiti, katika safari iliyogharamiwa na tajiri wa Kiskoti aitwaye Mackie. Roscoe aliandika na kupiga picha karibu kila kitu: ng'ombe, vyombo, nyumba, ndoa, maziko. Kitabu chake juu ya Wanyankole kilitoka Cambridge mwaka 1923. Mengi yanayojulikana leo kuhusu nyumba ya Kihima ya zama hizo yanapitia mkononi mwake, na humo ndimo pia yalimo makosa yake, kwa sababu mengi aliyoyaandika hayakuwa tena yakitendeka alipofika. Aliuliza wazee juu ya zamani, akaandika kana kwamba ni jana. Ndani ya jalada moja kuna Ankole ya Ntare kwa maandishi na Ankole ya Kahaya kwa picha, na msomaji asiye makini huzichanganya.

Fedha nayo ilikuwa ikibadilika. Kodi iliyokuwa ikidaiwa kwa rupia ikaja kudaiwa kwa shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 1921 kutoka Mombasa hadi Mbarara, na kusini yake Tanganyika. Waliopita mipaka miaka hiyo walikuwa na sarafu moja mfukoni kwa nchi tatu, jambo ambalo wajukuu wao wa Mutukula wanalisubiri hadi sasa. Mfugaji wa Ankole alilazimika kuuza ngozi, siagi au ng'ombe ili apate shilingi za kodi. Wengine walikwenda Buganda kuchunga ng'ombe wa watu na kulima pamba. Kijana aliyerudi na pesa alirudi na shati, baiskeli, taa ya mafuta, na wakati mwingine picha yake aliyopigwa mjini.

Ndipo kamera ikaanza kutoka mikononi mwa wageni. Kuanzia miaka ya 1930 seremala mmoja wa Ankole, Musa Katuramu, alikuwa na mashine yake mwenyewe na alipiga picha za harusi, walimu, watoto, akina mama na ndugu zake. Negativu zake zilitunzwa na familia mpaka zikatolewa kitabu katika mfululizo uitwao Ebifananyi. Ni neno la Kiganda la picha, na Mswahili hahitaji mkalimani: ni kufanana kulekule. Wanyankole husema ekishushani, nalo hutoka katika kufanana vilevile. Ukiziweka picha za Katuramu kando ya zile za wageni utaona tofauti mara moja. Kwake wanawake wamo, hawakujifunika nyuso, wamekaa mbele, wengine wameshika watoto au vitabu. Waliopigwa picha walijipanga wenyewe.

Kahaya aliona mwanzo wa hayo akiwa mzee mwenye maradhi. Mbaguta alikuwa amestaafu mwishoni mwa miaka ya 1930, na mfalme akabaki bila mtu wa kushindana naye. Zamani Omugabe hakuruhusiwa kuzeeka. Nguvu zilipopungua alipewa sumu, kwa kuwa iliaminika udhaifu wake ungeidhoofisha nchi, na mwili ulipelekwa msitu wa Ishanze, upande wa Isingiro, ambako watu walisema mfalme hugeuka simba. Kahaya aliugua kama wanavyougua watu wengine na kufa kitandani mwaka 1944. Hakupelekwa Ishanze. Alizikwa Nkokonjeru, ndani ya kaburi la saruji, kwa ibada ya Kikristo. Kiti kilikwenda kwa Charles Godfrey Gasyonga, Mhinda mwenzake.

Gasyonga alitawala mpaka 1967, mwaka ambao serikali ya Milton Obote ilifuta falme zote za Uganda. Ikulu ya Kamukuzi ikachukuliwa, Bagyendanwa ikaondolewa mahali pake. Miaka michache kabla ya hapo, Watutsi waliokimbia mauaji Rwanda walikuwa wamefika na mifugo yao na kupewa nafasi Nakivale, karibu na ziwa la jina hilo katika Isingiro. Katika mizigo ya watu kama hao, wa zama zile na wa leo wanaotoka Congo, Burundi au Somalia, picha ya familia huwa kitu cha mwisho kutupwa. Haiuziki sokoni, lakini ndiyo inayosaidia kumtambua shangazi aliyepotea kambi nyingine.

Falme nyingine ziliporudishwa mwaka 1993, Ankole haikurudishiwa wake. John Barigye, mwana wa Gasyonga, alitawazwa Novemba mwaka huo, na serikali ikabatilisha. Wapo Wanyankole wanaotaka mfalme, na wapo, hasa kati ya Wairu, wanaokumbuka kwamba heshima ya boma lile ilibebwa na migongo ya wakulima. Wote wawili wana hoja, na picha za Kahaya hutumiwa na kila upande: mmoja huona ukubwa uliopotea, mwingine humwona mtu aliyenenepa kwa jasho la wengine.

Barigye alifariki mwaka 2011, akazikwa Nkokonjeru pia. Gasyonga yuko hapo tangu 1982. Anayetaka kuona vyombo vya maziwa na picha za wafalme hao bila kwenda Cambridge anaweza kushuka Biharwe, kwenye jumba la makumbusho la Igongo, kando ya barabara kuu. Kutoka hapo hadi Kakiika ni mwendo mfupi wa gari, na kilima cha Nkokonjeru hakihitaji zaidi ya pikipiki moja na saa moja ya subira, kama lori linasubiri foleni.